Saa Saba Iliyomezwa

Baba Sikudhani, jirani wa ukuta mmoja na Bi Mashavu, anadai kwamba alimwona mama huyo akiingia, lakini hakuna aliyemwona akifika. Ndivyo anavyosema, na ukimwambia maneno hayo hayakai sawa anakohoa, anakaza msuli wake kiunoni, anaanza upya. Walikuwa foleni moja, anasema, mbele ya Jumba la Kuhakiki, yeye nyuma, Bi Mashavu mbele, jua limewakalia utosini. Saa ya mlangoni ilikuwa inamalizia saa sita. Mlinzi alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Halafu saa ikaruka. Haikutembea, anasema Baba Sikudhani, iliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi asichafue viatu. Ilitoka sita ikatua nane, na saa saba ikabaki hewani, haina wa kuipokea. Watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wameambiwa wapige makofi. Hapo Bi Mashavu akaweka kidole chake kwenye kioo, kioo kikamkubali, mlango ukafunguka, ukatoka mwanga mkali hata Baba Sikudhani akaziba macho kwa kiganja. Alipoondoa kiganja, mlango umeshafungwa.

"Na mimi nikaweka changu," anadai. "Kioo kikanikataa. Eti kidole kina mkaa, nikanawe. Mimi muuza mkaa, kidole changu kiwe na nini, hina? Nikaenda bombani, nikasugua mpaka ngozi ikalia. Niliporudi nikamwuliza mlinzi, yule mama aliyenitangulia keshatoka? Akaniuliza, mama gani. Nikamwambia, yule wa khanga ya kijani. Akatazama kompyuta ya ndani, akasema hakuna mama aliyefika."

Siwema aliyasikia hayo akiwa barazani, kichwa cha mke wa seremala kimelala katikati ya magoti yake, chanuo limekwama kwenye nywele. Hakupiga kelele. Hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Alikuwa msichana wa kungoja na kutazama. Kusuka kulimfundisha kwamba kichwa hakiharakishwi.

"Rudia tena," alisema.

"Nirudie mara ngapi, mwanangu?"

"Mpaka yakae sawa."

Baba Sikudhani akarudia. Hayakukaa sawa. Mshtuko ulimpanda Siwema polepole kutoka miguuni, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na ulipofika kifuani haukuwaka, ulitulia hapo ukingoja kiberiti.

Maana huyo Bi Mashavu alikuwa mama yake.

Katika mji ule kila aliyeota mvi huenda mara moja kwa mwaka kuhakikiwa kwamba yu hai. Hakuna anayempima mapigo wala anayemwuliza amelalaje. Anaweka kidole kwenye kioo cha mlango wa nje, kinamwandikia saa aliyoingia. Anapita korido. Anaweka kidole kwenye kioo cha mlango wa ndani, kinamwandikia saa aliyofika. Akiwa ameingia na amefika, basi yu hai mpaka mwaka ujao. Siku ile ilikuwa ya mwisho, na jumba lilikuwa linafungwa saa tisa. Ambaye saa tisa inamkuta hajafika, amekufa. Hazikwi, kwa kuwa mwili wake bado unatembea, ila watu huacha kumsalimu. Mtaa wa pili yuko mzee mmoja aliyelazwa na homa siku ya mwisho ya kuhakikiwa, mwaka uliopita, akashindwa kwenda. Hukaa kizingitini kwake, miguu kainyoosha njiani, na watu huivuka bila kusema samahani. Mkewe humsomea hitima, na yeye mwenyewe hujongea sinia akala wali pamoja na wageni, hakuna anayempisha, hakuna anayemfukuza. Hawamchukii. Wanatii tu. Siwema mwenyewe aliwahi kumvuka, na alipokuwa anamvuka alisikia mzee akisema taratibu, "Mguu wako una vumbi, binti," naye akatazama mbele kama mtu aliyesikia upepo.

Na saa ni ya nani? Hilo ni swali ambalo mtu hulibeba kama kijiwe ndani ya kiatu, anatembea nalo, anasalimia watu, hakuna anayejua kwa nini anachechemea. Jua lilikuwepo kabla ya saa. Jogoo alikuwepo kabla ya saa. Lakini Wenye Saa, ambao hakuna aliyepata kuwaona ila kwa kazi zao, walisema zamani sana kwamba mchana una mwanga mwingi unaopotea bure, na kwamba mara moja kila mwaka, mvua zikiisha, saa moja itarukwa ili mwanga wake uwekwe akiba. Mwanga huo unawekwa wapi? Watu waliuliza. Halafu wakachoka kuuliza, kwa sababu wali unaiva tu na watoto wanakua tu. Kompyuta za mji zikafundishwa siku hiyo, zikaikariri tumboni, na kila mwaka zikawa zinaruka pamoja bila kusukumwa. Mwaka huu Wenye Saa wakabadili sheria. Saa isirukwe mvua zikiisha, irukwe kabla hazijaanza. Na kompyuta haisikilizi redio, haikai kijiweni, haiambiwi na jirani. Kila moja lazima ifuatwe ilipo, isahaulishwe siku ya zamani na ifundishwe mpya. Mafundi wakatawanywa mjini na flashi zao mifukoni, mlango hadi mlango, wakizifundisha mashine kusahau.

Siwema akamwambia mke wa seremala, "Dada, utaniwia radhi."

"Upande mmoja umesukwa, upande mmoja umefumuka," alisema yule mwanamke akijishika kichwa. "Nikipita hivi njiani watasema mimi nani?"

"Sema wewe ni wawili."

Wakaenda, Siwema mbele, Baba Sikudhani nyuma na makobazi yake yakipiga kokoto. Mji ulikuwa umekaa upande. Huku muuza uji anafunga, huku mwenzake ndio anawasha moto. Mwanafunzi alikuwa anatoka shule na mwingine wa darasa hilohilo anakwenda. Katika duka moja saa ilisema hivi na kwa kinyozi anayefuata ilisema vile, na watu walipita katikati yao wakiwa wameinamisha vichwa, kama watu wanaopita mbele ya ugomvi wa mume na mke.

Siwema alitembea na maneno yasiyotoka kinywani. Kama saa haipo, aliyekuwemo yuko wapi. Mimi saa saba nilikuwa nasuka. Mkono wangu ulikuwa ndani ya nywele za mtu. Nilikuwa na saa hiyo au sikuwa nayo. Wameichukua kutoka wapi. Mbona sikusikia ikichomolewa. Jino likichomolewa unasikia. Mama. Mama asubuhi kanywa chai ya tangawizi akaacha nusu. Nusu ile ipo. Nimeiona.

Mlinzi wa Jumba la Kuhakiki alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bado ana njiti yake mdomoni. Saa ya mlango wa nje ilisoma saa nane na nusu.

"Namtafuta mama yangu," Siwema alisema. "Bi Mashavu. Khanga ya kijani."

"Huyu mzee keshanisumbua na hiyo khanga. Kompyuta ya nje inasema kaingia saa nane. Ya ndani inasema saa nane haijafika, kwa hiyo hakuna aliyeingia. Mimi nimeajiriwa kuamini zote mbili."

"Na jicho lako?"

"Jicho langu halijaajiriwa."

"Mwone huyu," alisema Baba Sikudhani. "Mama wa watu kapita mbele ya pua yako, na pua hiyo ilivyo kubwa, huwezi kusema hukuona."

"Mzee, nenda kanawe tena," alisema mlinzi, na hakucheka.

Chini ya ukuta, kivulini, alikuwa amechutama mwanamume wa makamo, begi la vifaa kifuani, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Huyo ndiye Fundi Mbaruku, aliyepewa jumba lile kulisahihisha. Siwema akachutama mbele yake, akamtazama bila haraka, kama atazamavyo utosi kabla ya kuugawa, mpaka fundi mwenyewe akaanza kusema.

"Ya nje niliisahihisha jana. Nikapita korido kwenda ya ndani. Wenyewe walikuwa wamekwenda kula, mlango umeegeshwa. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu." Akalibana begi. "Hodi ya tatu isipoitikiwa mtu anaondoka. Ndivyo nilivyolelewa. Nikaondoka. Nikasema nitarudi, halafu kazi zikanisonga."

"Mlango ulikuwa wazi," alisema mlinzi kutoka kitini pake.

"Wazi si karibu."

Hata mlinzi, hata Baba Sikudhani, hata Siwema, kila mmoja alijipima moyoni akaona kwamba naye angeondoka. Hiyo ndiyo iliyowatia hofu zaidi. Mtu mbaya angeingia tu, na Bi Mashavu angekuwa nyumbani sasa hivi anakunywa ile nusu ya chai.

"Sasa amekwama wapi?" Siwema aliuliza.

"Katikati. Kaingia saa nane, kafika mlango wa ndani saa saba. Kioo cha ndani kinamwambia, wewe bado hujaingia, subiri. Mtu hawezi kufika kabla hajaingia. Na nyuma hawezi kurudi, mlango wa nje hautoi, unaingiza tu."

"Basi isahihishe ya ndani sasa. Flashi si unayo?"

Fundi akaitoa, ndogo kama mbegu ya ukwaju, akaiweka kiganjani, akaitazama kwa macho mekundu. "Ninayo. Nikiichomeka, ya ndani itaruka kama ilivyoruka ya nje. Itatoka saba itue nane. Ile saba itakuwa haijawahi kuwepo. Na mama yako kashagusa kioo, kashaandikwa kwamba anasubiri ndani ya saa saba." Akafunga kiganja. "Nisipoichomeka, saa tisa jumba likifungwa zote mbili zinasahihishwa kwa nguvu kutoka kwa Wenye Saa wenyewe. Itaruka vilevile. Mimi nachagua dakika tu."

"Na aliyemo?"

"Hatakuwa amekufa. Aliyekufa alikuwepo. Huyu hatakuwa amewahi kuwepo." Akamtazama Siwema, na hapo ndipo alipoelewa alichokuwa anasema, na alikuwa anamwambia nani. "Na wewe ni mwanawe wa kumzaa?"

Siwema alijishika tumbo. Si kwa maumivu. Alikuwa anatafuta kitovu chake, kama kipo.

Baba Sikudhani, mtu wa maneno, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Fundi," Siwema alisema, "hakuna njia wewe uliyowahi kusikia, hata ya uongo?"

Fundi Mbaruku akamtupia mlinzi jicho, akashusha sauti. "Ipo moja, haifundishwi, tunaambizana sisi kwa sisi tukinywa kahawa. Kioo hakijui nyuso. Kinajua kidole na saa. Vidole viwili vikigusa pamoja, kimoja juu ya kingine, kinachanganyikiwa, kinasahau kuuliza nani kaingia lini, kinazibadilisha saa zao. Wa juu anachukua saa ya wa chini, anapita. Wa chini anabaki na saa ya wa juu." Akaongeza haraka, kama mtu anayejutia, "Lakini wa chini awe na saa nane safi, iliyoandikwa nje, ambayo kioo cha ndani hakijaigusa. Na wa juu akubali mwenyewe. Kidole cha kulazimishwa kinatoka jasho, kioo kinakijua."

Siwema alisimama, akajifuta vumbi, akaenda mlangoni.

"Wewe bado kijana," mlinzi alisema. "Zamu yako haijafika."

"Kuna sheria inayomkataza mtu kuhakikiwa mapema?"

Mlinzi akafikiri. "Hiyo hawajaitunga."

Akaweka kidole. Kioo kikamwandikia saa nane na dakika zake. Mlango ukafunguka, na nyuma yake akamsikia Baba Sikudhani akisema kwa sauti ndogo, isiyo ya kudai chochote, "Siwema, mwanangu, fikiri," lakini mlango ulikuwa umeshajifunga.

Hapakuwa na giza. Hilo ndilo lililomshtua kwanza. Alijiandaa kwa giza, akakuta mchana. Mchana mtupu, wa saa saba, umelundikwa pande zote mbili za korido mpaka darini kama magunia ya mkaa, ila mweupe, na kila lundo lilikuwa mwaka wake. Huku ndiko walikokuwa wanauweka. Akiba. Akapita katikati ya mwanga wa miaka ambayo alikuwa hajazaliwa, akauona unavuja kidogo kwenye mishono, na ndani yake mlikuwa na vitu: mlio wa kinu, harufu ya samaki wa kukaanga, mtoto anayeitwa arudi ndani, haji. Saa zilizorukwa hazikuwa tupu. Hakuna saa iliyo tupu. Mtu yeyote angeweza kuwaambia hivyo Wenye Saa, kama wangeuliza.

Mwisho wa korido, chini ya kioo cha mlango wa ndani, Bi Mashavu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu kaikunja vizuri ndani ya khanga ya kijani. Jasho la foleni lilikuwa bado kwenye paji lake la uso. Tone moja lilikuwa limefika kwenye nyusi, limesimama, halidondoki.

"Shikamoo," alisema Siwema.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umeambiwa usubiri?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Siwema."

Bi Mashavu akatabasamu. "Jina zuri. Binti yangu anaitwa hivyohivyo. Yuko nyumbani, anamsuka mke wa seremala. Kichwa kile kigumu kama kifuu, hamalizi leo."

"Nitazame vizuri."

"Nakutazama. Umefanana naye mno, mpaka moyo umeshtuka ulipotokea. Lakini saa hizi yeye yuko barazani, na mtu mmoja hakai mahali pawili." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Macho yake yalimpita Siwema usoni, yakaona pua aliyoizaa, yakaona kovu dogo alilolipaka asali mwenyewe, na saa iliyokuwa ndani ya macho hayo ikasema hapana, yakatii.

Siwema akakumbuka mtaa wa pili. Alikuwa amemvuka mzee kizingitini kwake. Sasa alijua mzee yule aliona nini kutoka chini.

Akajikaza. Akafungua mdomo amwambie kila kitu, saa, flashi, vidole, aseme mimi ni mwanao na nimekuja kukutoa. Lakini Bi Mashavu alitangulia.

"Hebu nikutume. Wewe ni kijana, watakutoa kabla yangu. Ukitoka pita kwangu, umwambie huyo binti yangu asinifuate. Namjua yule. Kimya kimya vile, anaweza kuja. Mwambie mama yako kasema, akitia mguu humu kwa ajili yangu, mimi sitoki. Nitakaa papa hapa waniandike maiti. Nilishazika mwana mmoja, sirudii."

Maneno ya Siwema yakarudi yote tumboni. Akalisoma hilo alilosikia toka mwanzo hadi mwisho, akaona halina tundu. Ili mama yake apite, ilimpasa asiwe mwanawe. Hivyo tu. Wenye Saa walikuwa wanataka kumfuta saa tisa; yeye ajifute sasa, kwa mdomo wake.

Ukutani saa ya ndani ilikuwa inakaribia kumaliza saa saba.

"Nitamwambia, bibi," alisema Siwema.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akupe mume asiyenuna."

"Ila nimeongea na fundi hapo nje. Amesema kioo hiki ni kibovu, kinataka watu wawili wawili. Mimi naweka kidole changu, wewe unaweka chako juu yake. Mlango unafunguka, unatangulia."

"Na wewe?"

"Nakuja nyuma yako."

"Kwa nini wewe usiwe juu?"

"Wewe ni mkubwa. Nikutangulie mlangoni, watu watasema sikufunzwa."

Bi Mashavu akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho Siwema alikifahamu tangu kabla hajajua kusema. Akajiinua, akashika ukuta, magoti yakalia. Akamsogelea. Walisimama bega kwa bega mbele ya kioo, na mwanga wa akiba uliwapiga mgongoni, vivuli vyao viwili vikaanguka mlangoni vikawa kimoja.

Siwema akaweka kidole chake. Kioo kilikuwa cha baridi.

Bi Mashavu akanyanyua chake. Akasita. Akamtazama yule msichana kichwani, mstari wa nywele uliogawa utosi, jinsi ulivyopinda kidogo karibu na sikio la kushoto, na kitu fulani kikapita usoni pake, kikaja, kikakosa pa kukaa, kikaondoka, kikarudi. Tone la jasho likatikisika kwenye nyusi.

"Mkono uliokusuka naufahamu," alisema polepole. "Ajabu. Ni kama wangu."

"Kioo kinasubiri, bibi."

"Hakitakufa kikisubiri. Mimi sikuzoea kupokea kitu kwa mtu nisiyemjua kwao." Sauti ilikuwa imepungua, kama ya mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Kidole chake kilikuwa juu ya kidole cha Siwema, hakijagusa, lakini joto lake lilikuwa limeshafika. "Nitaweka. Nitaweka sasa hivi. Ila nitajie kwanza jina la mama yako, nijue wa kumshukuru."

Mshale wa saa ya ndani ukasogea. Siwema akatazama kioo. Ndani ya kioo walikuwa wawili, na hakuna aliyekuwa mkubwa.

"Nitajie basi, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Mama yako ni nani?"